Baraza la Watoto si kwaya ya kupokea wageni

Ndugu msomaji, kila mwaka ifikapo tarehe 16 Juni viwanja vyetu hujaa wanafunzi. Iwe mjini Mwanza, iwe Magu, iwe Sengerema ng'ambo ya maji, mambo huwa yale yale. Maturubai hufungwa, ngoma huchezwa, mgeni rasmi huketi meza kuu, na mwanafunzi mmoja wa sekondari husimama mbele ya kipaza sauti akasoma risala ya watoto. Risala hutaja mimba za wanafunzi, uhaba wa vyoo na umbali wa kwenda shule. Mgeni rasmi hujibu kwamba Serikali imesikia. Makofi hupigwa na watu hutawanyika.

Mwanafunzi yule, mara nyingi, huwa ni mjumbe wa chombo kinachoitwa Baraza la Watoto. Wananchi wengi wamekwisha kulisikia jina hilo, lakini ukiwauliza kazi yake watakwambia ni kile kikundi cha wanafunzi wanaosoma risala. Wiki hii nimeona tulizungumzie jambo hili kwa kirefu kidogo: baraza hilo ni nini, lilitoka wapi, lina uwezo gani, na kwa nini sauti ya mwanafunzi wa Magu au wa Nyamagana hufika mezani wakati chakula kimekwisha kuliwa.

Tuanze na tarehe yenyewe. Tarehe 16 Juni 1976, maelfu ya wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, waliandamana kupinga kulazimishwa kufundishwa kwa lugha ya Kiafrikana. Polisi wa utawala wa makaburu waliwafyatulia risasi. Miongoni mwa waliokufa alikuwemo Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12. Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, ukaifanya siku hiyo kuwa Siku ya Mtoto wa Afrika, nayo ikaanza kuadhimishwa mwaka 1991. Kwa hiyo siku tunayoifanya ya ngoma na soda ilizaliwa na wanafunzi waliokuwa na neno la kusema juu ya masomo yao wenyewe, na wakubwa wakakataa kulisikia.

Wakati huo huo dunia nayo ilikuwa ikibadili mawazo yake. Tarehe 20 Novemba 1989 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto. Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Kifungu cha 12 cha mkataba huo kinasema, kwa maneno ya kawaida, kwamba mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni yake ana haki ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake. Ndugu msomaji, hebu lizingatie neno hilo "uzito". Mkataba haukuishia kwenye kumruhusu mtoto aseme. Ulitaka pia anachosema kipimwe.

Hapa kwetu Mwanza mawazo hayo hayakuchelewa kufika. Mwaka 1992 kilianzishwa kituo cha Kuleana, kilichojulikana kwa kazi yake na watoto wa mitaani na kwa kutetea haki za mtoto kwa jumla. Baadaye ukaja Mtandao wa Vijana na Watoto Mwanza, ambao uliwafundisha watoto kazi ya utangazaji wakawa wanaandaa vipindi vyao redioni. Hivyo mkazi wa kanda hii hawezi kusema kwamba habari ya watoto kusikilizwa ni kitu kigeni kilicholetwa na ndege juzi.

Mwezi Mei 2002 Umoja wa Mataifa uliitisha mjini New York kikao maalumu juu ya watoto. Kabla ya kikao chenyewe, zaidi ya watoto 400 kutoka nchi mbalimbali walikutana peke yao, wakaandika tamko lao, na wawakilishi wao wakalisoma mbele ya Baraza Kuu. Mwaka huo huo wa 2002 likaundwa Baraza la Watoto la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Tangu hapo Serikali, kupitia wizara inayosimamia maendeleo ya jamii, pamoja na mashirika kama UNICEF na Save the Children, imekuwa ikihimiza mabaraza ya namna hiyo yaundwe katika mitaa na vijiji, kata, wilaya na mikoa.

Halafu ikaja Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009. Sheria hiyo inamtaja mtoto kuwa ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Kifungu chake cha 11 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa, na kushiriki katika maamuzi yanayohusu ustawi wake. Na kifungu cha 94 kinaweka juu ya mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto katika eneo lake. Ukiviweka vifungu hivyo viwili pamoja unapata maana ya Baraza la Watoto: halmashauri ina wajibu kwa mtoto, na mtoto ana haki ya kuiambia halmashauri wajibu huo unakwendaje.

Sasa, linaundwaje? Kwa kawaida wanafunzi na watoto wasiosoma huchagua wenzao katika mtaa au kijiji. Hao hupeleka wawakilishi kwenye kata, na kata hupeleka wilayani. Wavulana na wasichana hutakiwa kulingana kwa idadi. Baraza huwa na mwenyekiti wake na katibu wake, na mlezi wake huwa ni afisa maendeleo ya jamii. Wajumbe wa ngazi ya wilaya mara nyingi ni wanafunzi wa sekondari, kwa sababu wao ndio wenye umri wa kusimamia kikao na kuandika muhtasari.

Hapo ndipo panapotakiwa maelezo, maana watu huchanganya mambo mawili. Baraza la Watoto si baraza la madiwani wadogo. Halipitishi sheria ndogo, halina kifungu chake cha fedha kinacholindwa na sheria, na mjumbe wake hapigi kura katika kikao cha madiwani. Kwa mujibu wa sheria zetu za serikali za mitaa za mwaka 1982, wenye kura humo ni madiwani na wabunge wanaohusika. Hata mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi waliotimiza miaka 18. Kwa hiyo nguvu ya Baraza la Watoto ni moja tu, nayo ni kushauri. Na mshauri, ndugu msomaji, husaidia pale anaposikilizwa kabla uamuzi haujafanywa. Ushauri wa baada ya hapo huitwa malalamiko.

Tuangalie basi kalenda. Mwaka wa fedha wa Serikali yetu huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Vijiji, mitaa na kata huanza kuorodhesha vipaumbele vyao katika miezi ya mwisho ya mwaka uliotangulia. Wataalamu wa halmashauri huyakusanya, huyapunguza, huyawekea tarakimu. Mnamo miezi ya mwanzo wa mwaka madiwani hukaa na kupitisha makisio. Kuanzia Aprili Bunge huwa Dodoma likijadili bajeti wizara moja baada ya nyingine, na ifikapo katikati ya Juni Waziri wa Fedha husoma bajeti ya nchi nzima.

Sasa weka tarehe 16 Juni katika kalenda hiyo. Siku mwanafunzi wa Magu anaposimama kusema kwamba shule yao inahitaji matundu ya vyoo, zimebaki wiki mbili tu mwaka mpya wa fedha uanze. Makisio yalikwisha kupitishwa miezi kadhaa nyuma. Mgeni rasmi anaposema "tumelichukua", hata kama anasema kwa moyo safi kabisa, hana mahali pa kuliweka. Litasubiri mzunguko mwingine. Na mzunguko mwingine utakapoanza, mwezi Oktoba au Novemba, mwanafunzi yule wa kidato cha nne aliyesoma risala atakuwa katika chumba cha mtihani wa taifa. Hatakuwepo wa kuuliza.

Huo, kwa maoni yangu, ndio ugonjwa mkubwa wa mabaraza haya. Tunaweza kulaumu watoto kwamba hawajiandai, au kuwalaumu viongozi kwamba hawajali, lakini hata watoto hodari wakikutana na viongozi wema, bado sauti itapotea ikiwa inatolewa mwezi wa Juni kwa jambo lililotakiwa kusemwa mwezi wa Novemba.

Chukua mfano. Tuseme katika kata moja kando ya barabara kuu ya kwenda Musoma, wasichana wa shule ya sekondari wanatembea kilomita nane kwenda na nyingine nane kurudi. Njiani kuna waendesha bodaboda wanaowapa lifti, na sote tunajua lifti nyingine hulipiwa vipi. Wasichana hao wanaijua njia hiyo kuliko mhandisi na kuliko afisa elimu. Wanajua ni kichaka gani kinatisha, ni mwezi gani mto hujaa, na ni saa ngapi giza linawakuta. Wakikaa kikao mwezi Septemba, wakaandika ukurasa mmoja kwamba wanaomba hosteli iliyoanzwa kwa nguvu za wananchi imaliziwe kuezekwa, wakataja idadi ya wasichana wanaotoka mbali na ni vyumba vingapi vimefika kwenye linta, karatasi hiyo ikipita kwa mtendaji wa kata na kuingia kwenye orodha ya vipaumbele, hapo wamefanya kazi ya baraza. Wakingoja Juni wakasema kwa jumla kwamba "mimba za utotoni zinaongezeka", wamepigiwa makofi tu.

Tatizo la pili ni uchaguzi wa wajumbe. Barua huja shuleni ikitaka wanafunzi wawili kesho asubuhi. Mwalimu afanye nini? Humtuma kaka mkuu na dada mkuu, au yule mwenye sauti nzuri na Kiswahili cha kunyooka. Hao wanaweza kuwa watoto wazuri sana, lakini wenzao hawakuwachagua na hawakuwatuma kitu. Wakirudi hawana wa kumpa taarifa. Aidha, mtoto aliyeacha shule akavua dagaa mwaloni, au akachunga ng'ombe za watu, hapati mwakilishi kabisa, ingawa Sheria ya Mtoto inamhusu sawasawa na wa darasani.

Sambamba na hilo kuna suala la nani anaandika. Risala ikiandikwa na ofisi, mtoto akapewa asome, huyo ni kipaza sauti chenye sare. Njia ya kujua ni nyepesi. Mwulize msomaji wa risala swali moja nje ya karatasi. Kama jambo ni lao, atajibu. Wenzetu wa vyombo vya habari tunaweza kusaidia hapo, kwa kumwuliza mwenyekiti wa Baraza la Watoto maswali kama tunavyomwuliza mwenyekiti wa halmashauri: mlikaa lini, mliamua nini, mliambiwa nini.

Tatizo la tatu ni umri, na hili wengi hawalitazami. Sheria inasema mtoto ni chini ya miaka 18. Sera ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 ilimtaja kijana kuwa ni mtu wa miaka 15 hadi 35. Kwa hiyo mwanafunzi wa miaka 16 ni mtoto na ni kijana kwa wakati mmoja. Lakini mwenzake wa kidato cha sita mwenye miaka 18 au 19 amekwisha kutoka katika Baraza la Watoto. Anaweza kupiga kura, lakini bado amevaa sare, bado anaomba ruhusa ya kutoka getini, na bado matatizo ya bweni na maji ni yake. Asemee wapi?

Jibu lilitarajiwa kuwa Baraza la Vijana. Zanzibar walitunga sheria yao ya Baraza la Vijana mwaka 2013, na mabaraza yakaundwa kuanzia shehia kwenda juu. Bara, Bunge lilipitisha Sheria ya Baraza la Vijana la Tanzania mwaka 2015. Hata hivyo, miaka mingi ilipita baada ya hapo bila baraza lenyewe kusimamishwa, na wabunge waliliuliza jambo hilo zaidi ya mara moja. Na hata chombo hicho kikisimama, tusisahau kwamba kijana wa miaka 34 mwenye duka na wanawe watatu hana shida moja na mwanafunzi wa kidato cha tano. Mwanafunzi asipowekewa nafasi yake maalumu, atakuwa wa kupanga viti.

Najua wapo wasomaji watakaosema: haya mambo ya kuwapa watoto baraza ni kuwaharibu. Mwanafunzi kazi yake ni kusoma. Penye wazee haliharibiki neno. Hoja hiyo siidharau. Mzazi anayetoa mchango wa chakula cha mchana kwa tabu ana haki ya kuuliza kwa nini mwanawe hayupo darasani siku ya Jumanne. Ndiyo maana vikao vya baraza vifanywe Jumamosi au wakati wa likizo, karibu na shule, na visiwe vya kusafirisha watoto mbali kwa ajili ya posho.

Lakini ile hoja kwamba mila yetu haikumsikiliza kijana, hiyo haina ukweli. Katika Usukuma wa zamani, Magu ikiwemo, palikuwa na watemi na palikuwa na wazee, banamhala. Lakini palikuwa pia na nsumba ntale, mkubwa wa vijana wa kijiji, aliyechaguliwa na vijana wenzake. Yeye ndiye aliyewaita kwenda kulima shamba la mwenye kuhitaji msaada, yeye ndiye aliyesimamia kazi za pamoja, na kijana aliyekwepa alikutana na adhabu ya wenzake. Wazee hawakumwona kuwa mpinzani wao. Walijua kwamba bila yeye kazi hazifanyiki. Tena cheo chake kilikuwa cha kazi: palipo na jembe ndipo alipoonekana.

Ukitazama nje utaona pia kwamba hatuko peke yetu. Mji mdogo wa Schiltigheim nchini Ufaransa uliunda baraza la manispaa la watoto mwaka 1979, na miji mingi ya nchi hiyo ikaiga. Jirani zetu wa Uganda, kwa Katiba yao ya mwaka 1995, waliweka uwakilishi wa vijana hadi ndani ya Bunge. Siyo lazima tuige yote. Ila tunaweza kuona kwamba nchi zenye historia mbalimbali zimefikia wazo moja: mtu hafundishwi uraia kwa kitabu peke yake, kama vile mtoto wa mwaloni hafundishwi kuogelea ubaoni.

Sasa nini kifanyike, hapa Magu na penginepo? Mambo mengi hayahitaji sheria mpya wala mfadhili. Kwanza, Baraza la Watoto la wilaya likae kikao chake kikubwa mwezi Septemba au Oktoba, kabla vipaumbele vya kata havijafungwa, na lipeleke mambo matatu tu, yenye tarakimu. Orodha ya mambo thelathini hakuna anayeisoma.

Pili, kamati ya madiwani inayohusika na elimu na afya iwaalike wajumbe wawili, mvulana na msichana, wasikilizwe kwa dakika kumi, na maelezo yao yaandikwe katika muhtasari wa kikao. Kilichoandikwa katika muhtasari huulizwa katika kikao kinachofuata. Kilichosemwa uwanjani huondoka na upepo wa ziwa.

Tatu, tarehe 16 Juni igeuzwe. Badala ya watoto kusoma risala ya maombi, halmashauri ndiyo isome taarifa mbele ya watoto: mwezi Oktoba mlituambia haya matatu, hili tumelitia katika bajeti, hili limeshindikana kwa sababu hii, na hili linasubiri mwaka kesho. Mkurugenzi atakayefanya hivyo atakuwa amewafundisha watoto juu ya serikali kuliko semina kumi. Hata jibu la "hapana", likija na sababu, ni heshima.

Nne, wajumbe wa kidato cha tatu wachaguliwe pamoja na wa kidato cha kwanza na cha pili, ili mkubwa anapokwenda kwenye mitihani mdogo ajue jambo limefikia wapi. Na shule zenye kidato cha tano na sita ziruhusiwe kupeleka wasikilizaji, hata kama wamepita miaka 18, mpaka hapo mabaraza ya vijana yatakapowapa nafasi inayoeleweka.

Ndugu msomaji, kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022 takriban nusu ya Watanzania ni watoto wa chini ya miaka 18. Hao hawana kura, na hakuna anayepita nyumbani kwao na fulana wakati wa kampeni. Njia pekee waliyo nayo kisheria ni kusikilizwa. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, nasi tumezoea kuitumia methali hiyo kwa maana ya fimbo. Ina maana nyingine. Mwanafunzi aliyepeleka hoja yake kwa wakati, akajibiwa kwa maandishi, atakuwa mwananchi anayejua mlango wa ofisi ya kata uko wapi na aingie mwezi gani. Yule aliyepigiwa makofi miaka minne bila kujibiwa atakuwa amejifunza pia. Atakuwa amejifunza kwamba mikutano ni ya kupoteza muda, na siku tutakapomwita kwenye mkutano mkuu wa mtaa hatutamwona.

Mzazi unayesoma hapa, mwulize mwanao leo jioni kama shuleni kwao kuna mjumbe wa Baraza la Watoto, na kama walimchagua wenyewe. Diwani unayesoma hapa, angalia kalenda yako ya Oktoba. Tukutane wiki ijayo.